Babu Anatangulia, Babu Anafunga

Geji akimpenda mtu, humpima. Ndivyo alivyo tangu utotoni, na waliojaribu kumbadilisha wamechoka wakanyamaza. Mwaka ambao Mama yake aliteguka mguu, Geji alimzungushia utepe kila asubuhi na kuandika ukubwa wa uvimbe kwenye daftari, mpaka Mama akamfukuza chumbani kwa ndala. Sasa mtu wa namna hiyo ukimpa ndugu mmoja tu wa kiume, kitinda mimba, mwenye miguu ya mbio na bahati ya kukosa, unategemea afanye nini?

Alikuwa fundi wa baiskeli za mbio. Karakana aliirithi kwa marehemu baba yake: chumba kirefu chenye benchi la bati, ukuta uliojaa rimu zilizoning'inizwa, na harufu ya mpira mpya iliyoingia hata kwenye chai. Juu yake, ngazi ishirini na mbili, ndiko walikokaa yeye, Mama na mdogo wake. Jina la Geji alipachikwa na waendeshaji wa klabu kwa sababu ya kile kidude cha kupimia upepo wa tairi kisichomtoka shingoni. Wanasema hata siku ya harusi ya binamu yake alikivaa na watu wakadhani ni mkufu. Mdogo wake naye walimwita Kitinda, na akaridhika, maana ni kweli.

Mwaka uliotangulia, Kitinda alikosa timu kwa sekunde tisa. Mchujo ulikuwa wa kilomita arobaini, kila mtu peke yake na saa yake, na watatu wa mwanzo walichukuliwa na timu ya kulipwa. Yeye akawa wa nne. Sekunde tisa ni muda wa mtu kupiga chafya na kutafuta leso. Alirudi nyumbani akala, akaoga, akaweka viatu vya mbio juu ya kabati, na kwa miezi miwili hakuna aliyetaja baiskeli mezani.

Mwaka huu alikuwa na miaka ishirini na tisa, na timu haikuchukua mtu aliyefika thelathini. Kwa hiyo hapakuwa na la mwakani. Ni mchujo huu, au viatu vibaki juu ya kabati.

"Miguu yako haina neno," Geji alimwambia. "Zile sekunde tisa zimo kwenye matairi. Nitazing'oa humo hata kwa koleo."

"Wewe na matairi yako," Kitinda alicheka. "Haya, ng'oa."

Geji akaleta jozi sita. Palikuwa na jozi yenye ubavu wa kahawia, laini kama kitambaa, ambayo nyuzi zake zilikuwa za pamba. Palikuwa na nyembamba ya milimita ishirini na tatu, iliyojaa upepo mpaka ikalia ukiigonga kwa kidole. Palikuwa na nene ya ishirini na nane, na mbili zisizotumia mpira wa ndani, ambazo hutiwa ute mweupe wa kuziba matundu na humchafua fundi mpaka viwiko. Geji alizipima zote kwenye mizani ya jikoni, jambo ambalo Mama alilipigia kelele, akazijaza upepo na kuziacha siku nzima zitanuke, kisha akazipima unene tena. Kila kitu kikaingia daftarini.

Na ya sita ilikuwa Babu.

Babu ni jozi nyeusi ya kawaida, ile ile aliyokimbilia Kitinda mwaka jana. Haikuwa na maajabu yoyote. Lakini baba yao alikuwa na utaratibu wake wa kupima matairi, na watoto wake waliujua kabla ya kujua kusoma: chagua jozi moja unayoifahamu, iite Babu, na kila siku ya kupima Babu anatangulia, Babu anafunga. Unaanza naye, unajaribu mapya, unamaliza naye. Maana tangu asubuhi mpaka mchana upepo hubadilika, lami hupata joto, na mtu huchoka. Babu habadiliki. Namba yake ya mwisho ikilingana na ya mwanzo, amini ulichopima siku hiyo. Zisipolingana, chana ukurasa.

Jambo la pili alilofundisha baba yao lilikuwa moyo. "Miguu inadanganya," alikuwa akisema. "Mtu akilipenda tairi, analisukuma zaidi bila kujua. Moyo haujui kupendelea." Basi Kitinda alivaa kifuani mkanda wa kuhesabu mapigo, waliouazima kwa Kocha wa klabu, na kazi yake ilikuwa kuzunguka barabara ya nyuma ya viwanda, kilomita kumi na mbili, huku mapigo yakikaa kwenye mia na hamsini, yasizidi wala yasipungue. Moyo ukikaa pale pale, saa ndiyo itakayosema tairi lipi linateleza na lipi linavuta. Hesabu safi kabisa. Rula yao ilikuwa moyo wa Kitinda, na nani angewaza kwamba rula inaweza kuugua?

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Babu alitangulia: dakika kumi na tisa na sekunde hamsini na mbili. Jozi ya kahawia: kumi na tisa na arobaini. Babu akafunga: kumi na tisa na hamsini na tatu. Geji alitazama zile namba mbili za Babu zilizopishana sekunde moja tu, akahisi furaha ambayo wengine huipata kwa kushika mtoto mchanga. Sekunde kumi na mbili kwa duru moja! Mchujo ni zaidi ya duru tatu. Alimwonyesha mdogo wake ukurasa, akashindwa kuficha meno.

Usiku ule Kitinda akashikwa na homa.

Haikuwa homa ya kutisha. Mafua, kichwa, maungo kuuma, siku nne za kulala na kulalamika kuhusu uji. Siku ya tano alishuka ngazi, uso umemsawijika kidogo, akasema yuko tayari. Zilibaki wiki sita kufika mchujo.

"Pumzika hata wiki," Mama alisema toka juu ya ngazi.

"Hatufanyi mazoezi, Mama," Geji alijibu. "Tunapima matairi tu."

Neno hilo, matairi tu, alikuja kulikumbuka sana.

Siku hiyo alipofika na Babu garini, Kitinda alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, kofia ngumu ya mbio mapajani.

"Dada, leo Babu tumwache. Namba yake tunaijua. Nimechoka kidogo."

Geji alimtazama. Alimwona amepauka midomo, akamwonea huruma. Semeni mnavyotaka, lakini ni huruma, wala si uzembe. Kuondoa duru mbili za Babu ni kumpunguzia mtoto wa watu kilomita ishirini na nne. Akafungua daftari, na pale panapopaswa kuandikwa namba ya Babu, ya kwanza na ya mwisho, akaandika neno moja: *vilevile*.

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuandika kitu ambacho hakukipima.

Jozi nyembamba ilirudi na dakika ishirini na sekunde tano. Geji akakunja uso. Inakuwaje tairi jipya lizidiwe na Babu? Akapunguza upepo kwa paundi tano, akasema ni lami ya kule inayoparuza. Siku iliyofuata zile za ute mweupe zikaleta ishirini na kumi na nane, na ishirini na ishirini na sita. Akalaumu ute, akaumwaga, akatia mwingine. Jozi nene ikaleta ishirini na arobaini. Hiyo nayo aliitukana tusi ambalo Mama alilisikia kutoka ghorofani. Kila siku aliandika, *Babu: vilevile*, na kila siku yale mapya yakazidi kumwaibisha mbele ya Babu ambaye hakuwepo.

Mtu mwingine angeshtuka mapema. Geji hakushtuka, kwa kuwa alikuwa amevalia njuga matairi, na macho yaliyovalia njuga jambo moja hayaoni la pembeni. Alirudia kila jozi mara mbili, mara tatu. Matokeo yakiwa mabaya, aliongeza duru ili apate uhakika. Kitinda alipanda, akapanda tena. Hakulalamika. Alikuwa akizitaka zile sekunde tisa kuliko dada yake.

"Huyu mtoto anapumzika katikati ya ngazi," Mama alisema asubuhi moja, akiwa amesimama mlangoni na kikombe. "Ngazi ishirini na mbili, anasimama ya kumi na mbili, anajifanya anafunga kamba za viatu. Jana alivaa ndala, anafunga kamba gani?"

"Ni mabaki ya mafua, Mama."

"Mafua ya mwezi mzima?"

"Mama, tafadhali. Nina kazi."

Mama hakuwa na mkanda wa kifuani wala saa ya kusimamisha. Alikuwa na macho tu, na mwanawe alimpa kisogo.

Wiki ya nne, Kitinda alivua viatu karakanani, na Geji akaona mstari wa soksi umejichimba kwenye kifundo cha mguu kama alama ya kamba kwenye mzigo. Aliuona vizuri kabisa. Yeye aliyempima Mama uvimbe wa mguu mpaka akafukuzwa, aliutazama ule mstari, akasema soksi zinabana, na kesho yake akamnunulia soksi kubwa zaidi.

Zikabaki siku nane. Geji alikaa benchini, akafungua daftari, akakubali yaishe. Jozi zote tano, hata ile ya kahawia aliyoirudia wiki ya tatu, zilikuwa nyuma ya Babu. Si jambo la kuaminika, lakini namba ni namba. Basi Kitinda atakimbilia Babu. Akamfunga Babu kwenye rimu, akamtia upepo paundi themanini na tano, wakaenda nyuma ya viwanda ili Babu athibitishe kwa duru moja kisha mdogo wake apumzike.

Dakika kumi na tisa zikapita. Ishirini zikapita. Geji alisimama katikati ya barabara, saa mkononi, akitazama kona. Alipomwona anatokea, kwanza alidhani ni mtu mwingine, mzee fulani anayerudi kazini.

Ishirini na moja na arobaini na saba.

"Mapigo?"

"Mia na hamsini," Kitinda alisema. "Sikuzidisha hata moja." Akashuka, akajiinamia juu ya usukani, na pumzi zikawa zinatoka moja moja.

Geji alichukua baiskeli. Alipima upepo: themanini na tano. Alizungusha gurudumu la mbele, likazunguka bila kugusa breki. Alizungusha la nyuma. Alisukuma mnyororo. Akatafuta kosa sehemu zote ambazo kosa huweza kujificha kwenye baiskeli, na kila alipokosa kuliona akaanza upya. Babu habadiliki. Kilichobadilika ni rula.

Akageuka taratibu na, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano, akamtazama mdogo wake badala ya magurudumu.

"Umejua tangu lini?" alimuuliza.

Kitinda alifuta midomo kwa mgongo wa mkono. "Kwamba si matairi? Wiki ya tatu."

"Na hukuniambia!"

"Ningekwambia, ungenizuia. Halafu nikawa nasema labda kesho nitapata nafuu. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema ni ute, ni upepo, ni lami. Na wewe ndiye fundi, Dada. Nikakuamini."

Daktari wa moyo alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, aliyezungusha kioo cha mashine ili waone wenyewe. Moyo wa Kitinda ulionekana ukicheza pale, mkubwa, mlegevu, ukifanya juhudi. Akawaeleza kwamba ile homa ilishuka mpaka kwenye misuli ya moyo ikaivimbisha. Hutokea. Wengi hulala, hupumzika miezi kadhaa, moyo hurudi wenyewe.

"Huu haukupumzika," alisema. "Umetanuka. Sitaki kuwadanganya, ulipofika sasa dawa zinauzuia usiende mbali zaidi, lakini siwezi kuahidi zitauzuia kwa muda gani. Wiki hizi tano mlikuwa mnafanya nini?"

Kitinda akatazama viatu.

"Tulikuwa tunapima matairi," Geji alisema.

Daktari akaweka kalamu mezani. Geji angeona afadhali angemtukana.

Kwa kuwa ngazi zilimshinda kabisa, walimtandikia karakanani. Geji alisogeza benchi la bati ukutani, akashusha rimu zisije zikamwangukia, na kitanda kikakaa pale palipokuwa pa kutengenezea baiskeli. Mama alishuka na kupanda na sahani siku nzima. Hakumlaumu Geji hata kwa neno moja. Alimpa chakula, alimwita mwanangu, na usiku Geji alimsikia juu, akitembea toka ukuta mmoja hadi mwingine.

Jumamosi ya mchujo ilipita wakiwa watatu mle ndani, redio imezimwa. Jumapili Kocha alifika kuchukua mkanda wake wa kifuani. Alikuwa mtu mzuri mwenye domo kaya, asiyejua kukaa kimya penye huzuni.

"Ulikuwa mchujo dhaifu sana mwaka huu," alisema akiuviringisha mkanda. "Upepo haukuwepo, barabara nzuri, lakini watoto hawana miguu. Wa tatu amepita kwa hamsini na nne na thelathini na moja. Kitinda, wewe mwaka jana ulipiga ngapi?"

"Hamsini na nne na ishirini," Kitinda alisema.

"Basi unaona..." Kocha akaanza, kisha akasikia mwenyewe anachosema. Akaaga haraka, akasahau kofia yake, na hakurudi kuichukua.

Ukweli ulikaa nao mle chumbani, kwamba Babu yule yule, bila kupimwa, bila kung'oa sekunde hata moja kwa koleo, angetosha.

Daktari alikuwa ameagiza vitu viwili vifanywe kila asubuhi: mgonjwa apimwe uzito, na miguu ipimwe uvimbe kwa utepe, ili ijulikane kama maji yanaongezeka mwilini. Kwa maneno mengine, alimpa Geji kazi ambayo Geji alizaliwa kuifanya. Akachukua daftari lile lile, kwa sababu lilikuwa na kurasa zilizobaki, akageuza upande wa pili.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja, Kitinda alikuwa ameegemea mito mitatu. Jua liliingia kwa dirisha la juu na kuangukia jozi ya kahawia iliyokuwa ukutani.

"Dada."

"Naam."

"Lipi lilikuwa na kasi?"

Geji alikuwa anafungua utepe. Akasimama. "Unataka la nini?"

"Nataka kujua tu. Tumehangaika vile. Nilale huku najua jibu."

Hakuwa anatania. Geji akakaa kitandani, akafungua daftari upande wa kwanza, akapitia zile safu alizoziandika kwa mwandiko mzuri. Kila namba ilikuwa ya tairi na ya ugonjwa kwa pamoja, na hapakuwa na njia ya kuzitenganisha. Namba za Babu zingeweza, lakini palipotakiwa namba za Babu paliandikwa vilevile, vilevile, vilevile, kurasa kumi na nne.

"Sijui," alisema.

"Ya kahawia, sivyo? Siku ile ya kwanza ilikuwa mbele."

"Siku moja, duru moja. Labda ni ya kahawia. Labda ile nene, labda Babu. Sijui, mdogo wangu. Baba angenichania daftari zima."

Kitinda akageuzia macho jozi ya kahawia ukutani. "Kwa hiyo hata hilo hatukulipata?"

"Hata hilo."

Akatikisa kichwa polepole, akakaribia kucheka, lakini kucheka kulimkatisha pumzi akaacha. Alipotulia, alinyoosha mguu wa kulia nje ya shuka. Geji akauzungushia utepe juu ya kifundo, akauvuta ukakaa sawa, akainama kusoma. Alisoma mara mbili. Sentimita moja na nusu zaidi ya jana.

"Ngapi?" Kitinda aliuliza. Alikuwa ameinua shingo, macho yake makubwa yamemkazia dada yake, yanangoja.

"Vilevile," Geji alisema, akaandika namba ya kweli huku amelikinga daftari kwa kiganja.